Shemeji Taratibu na Mapazia Yasiyosimama

Mume wa mdogo wangu hafungi mlango kama watu wengine. Hushika kitasa, huusukuma mlango mpaka ubaki upenyo wa kidole, husubiri, sijui huwa anasubiri nini, kisha huumalizia kwa kiganja kama anayemlaza mtoto mchanga. Mdogo wangu ameishi naye miaka ishirini na sita bila kumsikia akiingia nyumbani. Hugeuka tu jikoni na kumkuta amesimama nyuma yake, na sahani kadhaa nzuri zimevunjika kwa mishtuko hiyo. Majirani walimpa jina la Taratibu ili wamcheke. Yeye alilipokea kama cheo, na siku hizi ukimwita kwa jina alilopewa na wazazi wake haitiki.

Mimi ni shemeji yake, na ndimi niliyemtafutia kazi kwenye mapazia. Kwa hiyo nikimsema mtu vibaya hapa, mjue na mimi nimo.

Kabla ya mapazia alikuwa fundi wa lifti katika hoteli moja ya ghorofa tisa. Ukimwuliza, atakwambia kazi yake haikuwa kupandisha lifti. Hilo, anasema, hata kamba na punda wanaliweza. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha mlango ukimgusa mtu unafunguka. Kila asubuhi kabla wageni hawajaamka aliingiza mkono wake mwenyewe katikati ya milango inayofunga, lifti nne, kwanza mkono wa kulia halafu wa kushoto, asije akaonekana anaupendelea mmoja. Alifanya hivyo miaka kumi na tisa. Hoteli ilipofungwa, wenyewe walimshukuru kwa kumpa saa ya ukutani iliyokuwa inatangulia dakika kumi. Nadhani hilo lilimuuma kuliko kukosa kazi.

Nikamwombea nafasi ninapofanya kazi mimi. Ni karakana ya watu wanane, pamoja na mwenyewe anayeitwa Mkurugenzi. Alijipa cheo hicho peke yake, akakiandika mlangoni kwa rangi ya dhahabu, na kikao cha kumpitisha sikumbuki kuitwa. Mimi hupinda vitambaa kwenye cherehani iliyo karibu na dirisha, na nimekaa hapo muda mrefu kiasi kwamba kiti kimechukua umbo langu. Zamani tulikuwa tunashona mapazia ya kawaida, ya kuvuta kwa mkono. Kisha Mkurugenzi akaenda kwenye maonyesho ya biashara, akarudi na katalogi nene na Kiswahili kipya. Kuanzia siku hiyo pazia halikuwa pazia tena. Likawa mfumo.

Mfumo wenyewe, ukiuvua kilemba, ni kitambaa kilichoviringwa kwenye bomba juu ya dirisha. Ndani ya bomba kuna mota, na chini ya kitambaa kuna ufito wa alumini unaokifanya kining'inie vizuri na kuteleza kati ya reli mbili. Kidude kinachohisi mwanga hubandikwa kwenye kioo. Jua likiwa kali, pazia linashuka lenyewe. Wingu likipita, linapanda lenyewe, wala hakuna anayeinuka kitini. Mota nayo ina kihisi chake, cha uzito. Siku ya kufunga unabonyeza kitufe, pazia linashuka na kupanda safari moja, na katika safari hiyo mota inajifunza uzito wa pazia lake. Mafundi wanaita kulifundisha. Baada ya hapo, likiwa linapanda na likahisi uzito ambao halikufundishwa, husimama, hurudi chini shibiri moja, hungoja.

Nilimwona shemeji yangu akipenda kwa mara ya pili maishani mwake. Pazia linaloanza polepole, likakaza mwendo, kisha likapunguza kabla ya kufika juu, lisigonge! Alikaa chini ya pazia la kwanza akalipandisha na kulishusha mpaka mota ikapata moto. Akajinunulia mzani wa ndoano, ule wa kupimia mizigo, na kila dirisha alilomaliza aliutundika kwenye ufito, akaamuru pazia lipande, huku yeye anauvuta mzani kwa chini. Lisiposimama kabla ya kilo moja na nusu, alianza upya. Wenzake wawili walikuwa wanafunga madirisha matano kwa siku. Yeye mawili, na la tatu likimwita anasema kesho.

Wenzake hao hawakuwa wajinga. Waligundua mapema kwamba pazia lenye hisia nyingi ni pazia lenye malalamiko mengi. Vumbi likiingia kwenye reli, linasimama. Upepo ukilisukuma kitambaa, linasimama. Mteja anapiga simu. Mkurugenzi naye alikuwa na msimamo kwamba mteja hanunui pazia ili alitazame likitafakari. Basi wakabuni dawa: siku ya kulifundisha, pazia likianza kupanda, wanautundikia ufito mzigo. Mota inajifunza kwamba uzito ule ni wake wa kuzaliwa, na tangu hapo haishtuki kwa kitu kidogo. Mwanzoni walitumia mkoba wa spana, lakini spana zikawa zinamwagika.

Mkurugenzi akaja mwenyewe kwenye cherehani yangu na kipande cha turubai. Alitaka mkoba maalumu wa mchanga, kilo kumi na mbili, wenye mikanda miwili. Niliushona mshono mara tatu, nikauwekea kishikio cha ngozi na pembe za duara zisichane kitambaa cha mteja. Alinisifu mbele ya watu. Nilifurahi siku nzima, na sitajitia kwamba nilikuwa sijui unakwenda kufanya nini.

Taratibu hakuugusa. Wenzake walimtania kwamba anaogopa mkoba kama mkwe. Yeye alicheka nao, akatundika mzani wake.

Ndipo ikaja kazi ya shule ya chekechea. Darasa moja kubwa, madirisha kumi na manne, marefu, yanayoanzia usawa wa goti la mtu mzima ili watoto waone nje. Jengo lilikuwa jipya na limejengwa kwa haraka ile yenye baraka zake: hakuna dirisha hata moja lililonyooka. Asubuhi mapazia yaliteleza vizuri. Kufika adhuhuri, reli zikipata joto zinapinda kidogo, kitambaa kinakwaruza, mota inadhani imemshika mtu, inasimama. Mwalimu Mkuu akawa anapiga simu kila baada ya chakula cha mchana kutuarifu kwamba mapazia yake yamelala njiani.

Taratibu alijua dawa. Reli zing'olewe, zinyooshwe kwa vipande vya mbao nyuma yake, halafu kila pazia lifundishwe upya saa sita mchana, reli zikiwa na joto. Aliomba siku tatu. Siku ya wazazi ilikuwa keshokutwa, na Mkurugenzi alikuwa amekwisha kumwahidi mgeni rasmi kwamba atayaona mapazia kumi na manne yakipanda kwa pamoja kama gwaride.

"Sina siku tatu," Mkurugenzi alimwambia, pale pale mbele ya cherehani yangu. "Funga mkoba, au rudi kwenye lifti zako."

Lifti zenyewe zilishauzwa kama vyuma chakavu. Taratibu alinitazama mimi. Sijui alitaka nimwambie nini. Labda alitaka mtu mmoja tu amwambie asikubali. Nilifikiria mdogo wangu, nikafikiria mume asiye na kazi anayefunga na kufungua kabati jikoni mchana kutwa akizipima bawaba.

"Mara moja tu, shemeji," nikasema. "Nani atajua?"

Akauchukua mkoba.

Siku ya wazazi ilifana. Tulialikwa wote, tukavaa mashati yenye nembo ya kampuni, tukapangwa ukutani. Hata mawingu yalikuwa na adabu siku hiyo, yalikuja kwa zamu. Jua likawaka, mapazia yakashuka yote. Wingu likapita, mapazia yakapanda yote, kimya, bila kukwama, na mgeni rasmi akapiga makofi kama aliyeona maiti ikifufuka. Mkurugenzi aliinama kidogo kushukuru. Ungedhani ni yeye aliyelivuta wingu.

Kwenye dirisha la pili alikuwapo mtoto mmoja, wa kiume, mwenye soksi zilizoteremka. Pazia lilipoanza kupanda aliushika ufito kwa mikono miwili, kwa mchezo tu, akatarajia litasimama kama lilivyozoea kusimama. Halikusimama. Likamnyoosha mikono, likamnyoosha kiuno, visigino vikaachana na sakafu, akabaki kwenye ncha za vidole akiwa ameduwaa, kisha akaachia. Wazazi waliangua kicheko. Mmoja alisema mtoto amekua ghafla. Mwingine aliomba arudie, ili apige picha.

Mimi nilicheka pia. Taratibu alikuwa amesimama kando yangu, na macho yake yalikuwa bado kwenye soksi zile zilizoteremka. Dakika chache baadaye aliitwa mbele akapewa cheti cha utendaji bora.

Siku mbili hakula chakula cha kueleweka. Mdogo wangu alinipigia simu kuniuliza kama tumemlisha kitu huko shuleni. Siku ya tatu Taratibu alikuja kwenye cherehani yangu, akasubiri nimalize pindo nililokuwa nalo, maana hata kwa kichaa chake hakatizi mshono wa mtu.

"Shemeji," akaniuliza, "mtoto wa miaka mitatu ana kilo ngapi?"

Nikamwambia kumi na nne, hivi.

"Mkoba kumi na mbili," akasema. "Juu yake moja na nusu ndipo mota ishtuke. Ongeza."

Niliongeza. Sikupenda jibu, nikamwambia anywe maji.

Akaingia kwa Mkurugenzi. Mazungumzo yao sikuhitaji kuyatafuta, ukuta wenyewe ni wa mbao nyembamba. Mkurugenzi aliuliza kama kuna mtoto aliyeumia. Hakuna. Kama kuna mzazi aliyelalamika. Hakuna. Basi akamshauri asiwe mtu wa kutafuta maradhi kwa tochi. Taratibu alitoka na kuufunga mlango ule wa dhahabu kwa namna yake, upenyo wa kidole, kusubiri, kiganja. Kwa mara ya kwanza nilitamani aubamize.

Jumamosi tulikwenda shuleni, yeye na ngazi na mzani, mimi wa kushika ngazi. Alitaka kumweleza Mwalimu Mkuu kila kitu. Nikamkataza. Nilimwambia ukweli ni mzuri lakini nyumba inataka kula, amwambie ni ukaguzi wa kawaida, watoto watakuwa salama na yeye atabaki na kazi, na hakuna atakayejua tofauti. Akili zangu hizi nilizisifu mwenyewe njia nzima. Mwalimu Mkuu alifurahi sana kusikia kuna kampuni inayokagua kazi yake bila kuitwa, akatupa funguo.

Tulifanya kazi siku mbili. Alinyoosha reli za madirisha kumi, akayafundisha moja moja saa za joto, akatundika mzani, akavuta. Kilo moja na robo, linasimama. Kilo moja na robo. Alikuwa anatabasamu huko juu ya ngazi. Jumapili jioni yakabaki manne ambayo hatukuyafikia. Hayo aliyafuta mafunzo ya mkoba na kuyafundisha hivyo hivyo na reli zake mbovu.

"Yatasumbua," nikamwambia.

"Yaache yasumbue," akasema.

Na kweli yalisumbua, tena bila kuchelewa. Jumatatu mchana Mwalimu Mkuu alipiga simu kusema kwamba tangu ule ukaguzi wetu mapazia yameharibika upya. Ukaguzi gani, akauliza Mkurugenzi. Nusu saa baadaye Taratibu hakuwa na kazi. Mkurugenzi alitaka na shati la kampuni lirudi pale pale, kwa kuwa lina nembo. Shemeji yangu akafungua vifungo kimoja kimoja, akalivua, akalikunja kwa mistari yake, akaliweka mezani, akarudi nyumbani na fulana ya ndani mchana kweupe. Mimi nilikuwa kwenye cherehani. Sikuinua kichwa. Nilikuwa na pindo.

Mdogo wangu hakunipigia kelele, na ningependa angenipigia. Aliniambia tu kwamba mumewe anatembea kwa majirani kurekebisha milango inayogonga, hakuna aliyemwita, na wengine wameanza kujifungia kwa ndani.

Jumatano asubuhi Mkurugenzi alinituma shuleni na mpwa wake, aliyechukua nafasi ya Taratibu. Alikuwa mtu mzima mwenye kitambi na simu mbili, na kazi yake ya awali alituambia ilikuwa mambo mbalimbali. Mimi nilitumwa kwa sababu naijua njia na naujua mkoba. Nilikwenda. Nataka hilo lieleweke: niliubeba mwenyewe, begani, ukiwa na kilo zake zote kumi na mbili, na njiani nilikuwa nahangaikia mkanda unaonikata.

Mwalimu Mkuu alitupokea kwa heshima ile ya mtu aliyekasirika tangu juzi. Alikuwa na daftari ambamo ameandika kila siku na kila saa ambayo pazia limesimama. Akatuingiza darasani. Watoto walikuwa sakafuni na vipande vyao vya mbao, jua kali nje, mapazia yote chini. Mpwa akafungua ngazi. Mimi nikatua mkoba.

Wingu likapita, mapazia yakaanza kupanda.

Kando ya dirisha la sita alikuwa amesimama mtoto wa kike, amekipa kioo mgongo, anakula biskuti. Sweta lake lilikuwa na kofia nyuma, na kofia ilikuwa na kitanzi cha kutundikia. Sikukiona kikinasa. Nilichokiona ni kofia ikiinuka yenyewe nyuma ya kichwa chake, kola ikipanda kooni, kidevu kikinyanyuka. Pazia likasimama. Likarudi chini shibiri moja, kitanzi kikateleza kwenye ncha ya ufito, kofia ikaanguka mgongoni. Mtoto akasogea hatua mbili kwenda kwa wenzake. Alikuwa bado anatafuna.

Halikuwa mojawapo ya yale manne yanayokwaruza. Hilo nililishikia ngazi mwenyewe.

"Mmeona wenyewe?" alisema Mwalimu Mkuu, na kalamu tayari imo daftarini. "Yote yamefika juu, hili limekwama. Wazazi niwaambie nini?"

Mpwa akamwambia hilo ni jambo la dakika kumi, akainama kuuchukua mkoba. Hakuupata, kwa sababu nilikuwa nimeukalia. Sikufanya hivyo kwa ushujaa. Nilihitaji pa kukaa tu, na mkoba ndio uliokuwa karibu.

"Mwalimu," nikasema, "halikukwama. Limemwachia mtoto."

Hakunielewa. Nikamwita yule mtoto, nikamgeuza, nikamwonyesha kitanzi jinsi kilivyovutika nyuzi. Kisha nikamweleza yote, kuanzia mota inavyofundishwa mpaka kilo kumi na tatu na nusu, na siku ya wazazi, na ukaguzi wetu wa uongo, na mtu aliyerudi nyumbani na fulana ya ndani. Nikainuka, nikamwonyesha mkoba. Nikamwambia nimeushona mimi, mshono mara tatu. Nilikuwa nalia na sikujali. Mpwa alikumbuka kwamba ana simu ya kupiga nje.

Mwalimu Mkuu alikaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yakamfika kifuani. Alimvuta yule mtoto, akampitisha vidole shingoni, akamwachia aende.

"Siku ya wazazi yalikuwa hivyo?" akauliza. "Yote?"

"Yote kumi na manne."

"Na mimi nikapiga makofi," akasema.

Kisha akauliza mkoba ule tumekwenda nao wapi kwingine.

Nilitaka kusema sijui. Jibu hilo limenisaidia mambo mengi maishani. Lakini mikanda ile haikuwa ya kwanza. Nilishaibadilisha mara mbili kwa kuchakaa, na vitambaa vya kila jengo ulikokwenda vilipita mikononi mwangu, napima urefu wake na naandika anwani yake kwa chaki. Mwalimu Mkuu akafungua ukurasa mpya wa daftari, akaningoja.

Nikaanza na wodi ya watoto.